Mzee, Toa Hewa: Kujifunza Kuogelea Ukubwani

Nilianza kujifunza kuogelea nikiwa na miaka 41. Mimi ni fundi seremala, mabega yangu yamezoea kubeba mbao. Siku ya kwanza nilipoteremka bwawani, maji yakinifika kifuani, nilijiambia kwamba mtu anayepachika mlango wa mbao ngumu peke yake hawezi kushindwa na maji. Nikajitupa mbele. Nilipiga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, nikaenda mita 6 hivi, nikasimama natweta, macho yamenitoka.

Mwalimu wangu alikuwa binti ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Hakusema lolote kuhusu mikono yangu. Alisema tu, "Mzee, toa hewa." Nikamwambia, mwalimu, hewa naitoa, huoni ninavyohema? Akatikisa kichwa. "Si huku juu. Kule chini."

Ilinichukua wiki 3 kumwelewa. Watu walikuwa wameshaniambia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na mimi nimekauka zamani. Basi nawaandikia wenzangu waliokauka. Kinachotukwamisha mara nyingi si umri wala uchache wa nguvu, ni pumzi tunayoing'ang'ania. Kwa hiyo sianzi na mikono. Mikono iko mbali huko mbele.

Pumzi

Mtu mzima asiyejua kuogelea akitia uso majini hubana pumzi. Hakuna aliyemfundisha, mwili wenyewe unaamua. Baada ya sekunde chache anahisi kifua kinataka kupasuka, naye anadhani hewa imemwishia. Haijamwishia. Ile hamu kali ya kupumua huletwa hasa na kaboni dioksidi, hewa iliyokwisha kutumika, ambayo inarundikana mwilini kwa kuwa hajaipa njia ya kutoka. Kisha akiinua kichwa ana kazi mbili ndani ya nafasi ya moja: atoe ya zamani, avute mpya. Nafasi yenyewe, katika kuogelea kwa kweli, haifiki sekunde moja. Anavuta nusu. Mara inayofuata anavuta robo. Kufika mita ya 15 amekwisha, anatoka akilalamika kwamba hana stamina, kumbe ni mtungi uliojaa unaojaribu kuchota.

Dawa yake ni zoezi la kuchosha kulitazama. Simama kwenye kina kifupi, shika ukingo wa bwawa. Vuta pumzi kwa mdomo, ya kawaida tu, usijaze kifua kama puto. Zamisha uso mzima na papo hapo anza kutoa mapovu kwa pua. Kama pua inakusumbua, guna "mmmm" mfululizo kama mtu anayekubali maneno asiyoyasikiliza. Ukiguna, hewa inatoka yenyewe na maji hayapati nafasi ya kuingia. Mapovu yakikaribia kwisha, malizia kwa kupuliza kwa nguvu kidogo, inua uso, vuta kwa mdomo, rudi chini. Usifute macho. Usisimame kupumzika. Fanya mara 10, kisha 20, mpaka uweze kufanya 30 huku moyo umetulia.

Nyumbani nilikuwa nafanya kwenye beseni. Watoto walinipiga picha, na zinazunguka kwenye familia hadi leo. Lakini beseni ndilo lililonifungua, kwa sababu pale hakuna kina, hakuna watu, na hakuna cha kuogopa isipokuwa aibu.

Onyo moja, na hili si la kufanyia mzaha. Usivute pumzi nyingi za harakaharaka kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu, na usishindane na mtu kubana pumzi majini. Ukivuta hivyo unaishusha ile kaboni dioksidi, king'ora cha mwili kinanyamaza, na unaweza kuzimia chini ya maji bila dalili yoyote. Hata waogeleaji hodari hufa hivyo.

Kulala juu ya maji

Kabla hujajifunza kuelea, jifunze kusimama. Hili wengi huliruka, kisha wanashangaa kwa nini mwili hauwaachii. Mwili hauwezi kulegea kama haujui utarudije kwenye miguu yake. Ukiwa umelala fudifudi juu ya maji, fanya hivi: kunja magoti uyalete kifuani, sukuma maji kwenda chini kwa viganja vyote viwili, na wakati makalio yanashuka, inua kichwa, kisha teremsha miguu mpaka iguse chini. Mpangilio ni magoti, viganja, kichwa, miguu. Ukianza na kichwa, miguu inabaki nyuma nawe unatapatapa. Rudia mpaka usihitaji kufikiri. Siku niliyoweza kusimama bila papara ndiyo siku hofu yangu ilipopungua nusu, na nilikuwa bado sijaogelea hata mita moja.

Sasa lala. Mapafu yako ni maboya mawili, yako kifuani. Makalio na mapaja ni mazito, yako nyuma. Kwa hiyo mwili ndani ya maji ni kama ubao uliolazwa juu ya gogo: ukikandamiza upande mmoja, wa pili unapanda. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukikitoa nje ya maji kuangalia unakokwenda, uzito huo haubebwi tena na maji, unabebwa na wewe, na malipo yake ni miguu kuzama. Tazama chini kabisa, kwenye vigae. Shingo iwe ndefu nyuma. Egemea kifua kana kwamba umelalia mto, na utahisi makalio yakipanda bila kupiga teke lolote. Nilipolihisi hilo kwa mara ya kwanza nilicheka, nikameza maji.

Wako watu, hasa wanaume wembamba wenye misuli, ambao miguu yao itazama hata wafanyeje wakiwa wametulia tuli. Mimi ni mmoja wao. Si ugonjwa. Ukianza kusonga mbele miguu itapanda, kwa hiyo usipoteze mwezi mzima ukitafuta kuelea kama jani.

Kinachofuata ni kuteleza. Weka mgongo karibu na ukuta, nyoosha mikono mbele, kiganja kimoja juu ya kingine, masikio yabanwe na mikono, uso chini, kisha sukuma ukuta kwa miguu. Usifanye kitu kingine. Tulia uteleze mpaka maji yakusimamishe. Pima umefika vigae vingapi. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na ukiongeza kasi yako maradufu, ukinzani wake unakuwa mara nne. Ndiyo maana umbo hulipa kuliko nguvu. Nilianza na mita 3. Baada ya majuma mawili ya kunyoosha tu shingo na vidole vya miguu nilifika 6, na misuli yangu ilikuwa ileile.

Mateke, kwa ufupi

Yaanzie nyongani, si gotini. Goti likunjike kidogo tu, kifundo cha mguu kilegee kama kitambaa kilichoanikwa, visigino viguse uso wa maji bila kurusha mvua. Kama umekaa miaka mingi ukikimbia au ukifanya kazi ya kusimama, vifundo vyako vimekakamaa, na unaweza kupiga mateke ukajikuta unarudi nyuma. Sitanii, imenitokea, mbele ya watu. Kaa sakafuni ukikalia visigino dakika moja kila jioni, taratibu, vitaanza kufunguka. Ubao wa kuelea usiuzoee sana. Unakuinua kichwa na kukurudisha kwenye kosa tuliloliacha. Afadhali upige mateke ukiwa umelala ubavu, mkono wa chini umenyooshwa mbele, sikio juu yake.

Na usiyategemee. Kwa mtu anayeogelea masafa, mateke kazi yake kubwa ni kuweka mwili sawa. Mapaja ni misuli mikubwa, yanakula hewa kuliko yanavyokusogeza.

Kugeuka kuvuta hewa

Hapa ndipo watu wazima wengi wa mtindo huru, yaani kuogelea fudifudi kwa kupokezana mikono, wanapokufia, nami nilikaa hapa miezi 2.

Kosa ni kuinua kichwa. Kisichotakiwa ni kuinua, kinachotakiwa ni kugeuka, tena kwa mwili mzima, kama mtu anayejigeuza kitandani. Bega la kulia linapopanda, kichwa kinakwenda nalo. Jicho moja na kioo kimoja cha miwani vinabaki ndani ya maji. Mdomo unatoka nje kwa shida, nusu tu, nawe unadhani haitoshi. Inatosha, kwa sababu kichwa kinachosonga mbele kinachimba kijibonde kando ya shavu, na hewa imo mle bondeni, chini kidogo ya usawa wa bwawa. Kadiri unavyopandisha kichwa kuitafuta, ndivyo bonde linavyopotea.

Mwalimu aliniwekea zoezi hili. Nilalie ubavu, mkono wa kushoto mbele, wa kulia juu ya paja, nipige mateke polepole huku uso umetazama chini na mapovu yanatoka. Nikihitaji hewa, nigeuze uso juu bila kuubandua kwenye bega, nivute, nirudishe. Mara 4, kisha nibadilishe upande. Akawa anatembea kando yangu ndani ya maji, kidole chake kimegusa kisogo changu, na kila kichwa kilipotaka kupanda kidole kilinisukuma chini kidogo. Hakuna maneno ambayo yangenifundisha vile.

Kisha kuna mkono wa mbele. Wakati unavuta hewa upande wa kulia, mkono wa kushoto ubaki umenyooka mbele, unangoja. Wengi huukandamiza chini papo hapo ili uwainue kama ngazi, na wakimaliza kuvuta hewa hawana tena mkono wa kuwavuta mbele. Ukiona kila ukipumua mwendo unakatika, chunguza mkono huo kabla ya kulaumu mapafu. Dawa yake ni kuogelea kwa kusubiriana: mkono mmoja hauanzi mpaka mwenzake aje kuugusa mbele. Unakuwa wa polepole sana. Vumilia.

Uso ukirudi majini, mapovu yaanze mara moja. Tumerudi palepale pa beseni.

Mikono

Kijana akija kujifunza kwangu akapewa msumeno, huukandamiza. Msumeno unapinda, unanasa, jasho linamtoka na ubao umekatika sentimita mbili. Baada ya miezi anajifunza kuyaachia meno yafanye kazi. Nilikuwa nimelifundisha hilo kwa miaka, na bado majini nilikuwa nakandamiza.

Mkono uingie mbele ya bega lake, usivuke kwenda upande wa pili wa kichwa. Uingie vidole kwanza, uteleze mbele mpaka unyooke. Halafu, kabla ya kuvuta, vidole vielekee chini huku kiwiko kimebaki juu, kana kwamba unapitisha mkono juu ya pipa lililolala. Sasa kiganja na kigasha ni kasia moja. Sukuma maji nyuma, mpaka karibu na paja. Maji ukiyasukuma chini, unapanda. Ukiyasukuma nyuma, unakwenda mbele. Kosa langu na la wenzangu wengi lilikuwa kukandamiza chini kwa mkono ulionyooka kama mpini wa jembe, jambo linaloumiza bega bila kukufikisha popote. Vidole vilegee, si lazima vibanane.

Ukitaka kujua kama unashika maji kwa kigasha au kwa kiganja peke yake, ogelea bwawa moja umefunga ngumi. Mara ya kwanza hutasogea. Ukifungua viganja baada ya hapo utahisi umekabidhiwa mapezi.

Kuhesabu

Nina daftari la karakana ambalo mbele lina vipimo vya makabati na nyuma lina hesabu za bwawa. Bwawa letu ni la mita 25. Ukurasa wa kwanza unasema: mivuto ya mikono 31, sekunde 46, jumla 77. Baada ya miezi 8: mikono 21, sekunde 33, jumla 54. Hiyo jumla ndiyo ninayoitazama. Ukihesabu mikono peke yake unaweza kujidanganya kwa kuteleza mpaka mwendo ufe. Ukihesabu sekunde peke yake unarudi kufukuza nyuki.

Usijilazimishe kuogelea mita 400 bila kusimama wakati mbinu bado changa. Kuanzia mita ya 50 utakuwa unafanya mazoezi ya makosa yako. Ogelea 25, pumzika nusu dakika, tena 25, mara 8, kila mara ukishikilia jambo moja tu: leo shingo, kesho mkono wa mbele. Nusu saa mara 3 kwa wiki ilinisogeza kuliko saa mbili za siku moja. Na mwombe mtu akurekodi kwa simu. Nilikuwa nimeapa kwamba kiwiko changu kiko juu, mpaka nilipojiona.

Mtafute pia kwenye video Eric Moussambani, mwogeleaji wa Guinea ya Ikweta, kwenye Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000. Alikuwa na miaka 22 na alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla. Bwawa la mita 50 hakuwahi kuliona mpaka alipofika kule. Waliokuwa waogelee naye waliondolewa kwa kuanza kabla ya wakati, akaogelea mita 100 peke yake mbele ya umati, kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Itazame nusu ya pili kwa jicho la mwanafunzi: kichwa kinapanda, miguu inazama, mikono inakandamiza chini, mambo yote niliyoyataja hapa, kwa mpangilio uleule. Lakini hakuishia pale. Baadaye alishusha muda wake mpaka chini ya dakika moja, halafu akawa kocha wa timu ya taifa lake.

Mengine ya kujua

Miwani ya kuogelea ijaribu bila kamba: ibandike machoni, ikishikilia sekunde moja au mbili yenyewe, inakufaa. Ukikaza kamba kufidia miwani mibaya utatoka na duara jekundu na maji yataingia vilevile.

Kuogelea chali ni faraja kwa anayeogopa kutia uso majini, na kujua kulala chali kupumzika ni lazima kwa kila mtu, kabla hujasogea kwenye kina kirefu. Vivyo hivyo kukanyaga maji ukiwa wima: nilikataa kuvuka kamba ya kina mpaka nilipoweza kukaa hivyo dakika 2 bila kushika kitu. Mtindo wa chura una mpangilio wake, vuta, pumua, piga, teleza, na wengi husahau hiyo teleza. Mimi siupigi sana. Magoti yangu yamepiga magoti kwenye sakafu za watu miaka 20, na teke lile linayaamsha. Kama una maradhi ya moyo, pumu au kifafa, zungumza na daktari kabla ya kuanza. Na usiogelee peke yako, hata ukishajua. Bahari, ziwa na mto vina mikondo na havina ukuta wa kushika, kwa hiyo hesabu za daftarini hazikusaidii huko.

Hivi sasa najifunza kuvuta hewa upande wa kushoto. Upande wa kulia nimekuwa mtu, lakini kushoto mimi ni yule wa siku ya kwanza: bega linagoma, shingo inakakamaa, na kila mvuto wa nne nakunywa maji. Juzi nilisimama katikati ya bwawa nikikohoa. Binti alikuwa kule ukingoni na wanafunzi wapya, hakugeuka hata kunitazama. Aliinua tu mkono, akaelekeza kidole chini.